Njia ya Pwani Isiwe na Lango

Ukitaka kuwajua watu wa mjini Unguja, nenda Forodhani baada ya sala ya alasiri. Vijana wa makachu wanakuja mbio, wanaruka kutoka ukutani, wanajikunja hewani kisha wanazama baharini huku watu wakiwashangilia. Wachuuzi wanapanga meza zao: mishikaki, pweza, urojo, juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Na nyuma ya wachuuzi wamekaa wale ambao hawakuja kununua chochote. Yuko mama na watoto wake watatu kutoka Kikwajuni. Wako wazee wawili wanaobishana habari za mpira. Yuko mtu aliyefukuzwa na joto la fleti za Michenzani, ambako jioni za Machi hazina upepo. Hao waliokuja bure ndio ninaotaka kuwasemea leo.

Nyumba za Mji Mkongwe zimesongamana, na nje ya milango yake kuna baraza za mawe ambako watu hukaa, hupokea wageni na kusikia habari. Forodhani ni baraza ya mji mzima. Jina lake limetokana na forodha, mahali mizigo ilipolipiwa ushuru, lakini mtu wa leo anayekwenda pale kupunga upepo halipi ushuru wowote, hakati tikiti, wala haulizwi anamfuata nani.

Sasa ondoka hapo uelekee Shangani. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Utafika lilipo jengo la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri mmoja wa Kiarabu. Jina lenyewe ni tambo: mambo haya, msiige. Wazee husimulia kwamba chokaa yake ilikandwa kwa mayai. Baadaye lilitumiwa na Waingereza, kisha likawa ofisi za serikali, na watoto wa mjini tulilijua kwa kuta zake nene na kwa kiwanja cha wazi kilichokuwa kando yake, ambapo mpita njia aliyetoka kwenye vichochoro aliiona bahari ghafla, yote, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Leo Mambo Msiige ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, yenye vyumba 67, iliyofunguliwa mwaka 2015. Jengo la kale lilikarabatiwa, na kando yake likasimamishwa jengo jipya. Mradi huo haukupita kimya. Wapenda urithi wa mji waliupinga, na UNESCO, ambayo iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ilieleza wasiwasi wake zaidi ya mara moja kuhusu jengo hilo jipya na athari zake kwa sura ya mji upande wa bahari. Ujumbe ulikuja, ripoti ziliandikwa, na ujenzi uliendelea mpaka ukamalizika.

Sisemi kwamba ufukwe wa mbele ya hoteli hiyo umezungushiwa ukuta. Maji yakipwa mchanga wake unapitika. Ninachosema ni kwamba mji ulikuwa na nafasi ya wazi pale, na sasa hauna, na waliokuwa wakiitumia hawakuwa na kura katika jambo hilo.

Najua jibu ninalopewa kila ninapolizungumza suala hili, nalo ni jibu zito. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash lililokamilika mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo lilikuwa mikononi mwa umma kwa miongo mingi, na umma haukuweza kulishikilia. Mambo Msiige, lililokabidhiwa mwekezaji, limesimama imara na paa lake halivuji. Rafiki yangu mmoja huniuliza: wewe unataka lipi, jengo zima lenye mlinzi mlangoni au kifusi chenye uhuru wa kuingia?

Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu, na naona limefunga mambo mawili katika furushi moja. Kuliokoa jengo la kale ni jambo moja. Kujenga jipya katika nafasi ya wazi iliyo kando yake ni jambo la pili. Hilo la pili ndilo lililozua malalamiko, na swali la kama la kwanza lingewezekana bila la pili lilistahili kujibiwa hadharani, mbele ya wenye mji, kwa hesabu zinazosomeka, kabla ya msingi kuchimbwa. Mwananchi anapoambiwa kwamba hawezi kupata paa bila kutoa kiwanja, ana haki ya kuiona hesabu inayosema hivyo.

Zaidi ya hayo, jawabu liko palepale Forodhani. Bustani ya hapo nayo ilikuwa imechakaa. Ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na mawimbi, taa zilikuwa hazifanyi kazi, usiku giza. Nayo ilitengenezwa kwa fedha za kutoka nje, kupitia Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, ikafunguliwa upya Julai 2009. Wachuuzi walirudi na meza zao, vijana wakarudi ukutani, na hakuna aliyeweka lango. Fedha za mgeni zilipita hapo zikaacha njia wazi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba pwani hutengenezwa kwa kufungwa tu.

Hapo ndipo ninapolipata swali langu, na ninaliuliza kwa kila mradi unaoletwa ufukweni, uwe wa hoteli, wa gati la boti za starehe au wa maduka. Mradi ukishamalizika, je, mtu asiye na senti mfukoni ataweza kutoka barabarani hadi kwenye maji bila kumwomba mtu ruhusa? Kama ataweza, na tuonyeshwe kwenye ramani ni kwa njia ipi, basi tukae tuzungumze kodi, ajira na miaka ya mkataba. Kama hawezi, mazungumzo yaishie hapo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja kuhani msiba. Jioni nikataka kushuka pwani kwa njia tuliyokuwa tukiipita utotoni, iliyokuwa katikati ya minazi. Nikakuta ukuta wa mawe, geti la mbao na kijana wa ulinzi aliyevaa sare safi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nashuka pwani.”

“Huku ni hoteli, mzee wangu. Njia ya wenyeji iko kule.”

Kule alikoonyesha kwa kidole kulikuwa mwendo wa robo saa, na mwisho wake palikuwa na uchochoro kati ya kuta mbili, upana wa mtu na baiskeli yake. Sikumlaumu yule kijana. Alikuwa na adabu, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watu wa nyumbani kwake. Lakini nilitembea robo saa ile nikijiuliza ni lini neno wenyeji limegeuka kuwa jina la watu wa kupita pembeni.

Na hapa lazima nikae kidogo, maana wanaopanga miradi hii hutazama picha ya pwani wakaona mchanga mtupu. Mchanga huo si mtupu hata kidogo. Katika vijiji vya mashariki wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, pale maji yanapofika na kurudi, yakakaa miezi mingi mpaka yakaoza. Kisha huyafukua, huyaponda kwa mti, hutoa usumba na kusokota kamba. Kila mwanamke analijua shimo lake, na hakuna aliyeandika hati. Maji yakipwa wengine huingia kwenye mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Paje mwaka 1989 na ambalo limewapa wanawake wengi fedha ya mkononi isiyopitia kwa mume. Wengine hushika mchokoo wakaenda kutafuta pweza kwenye miamba. Wavuvi nao wana diko lao, na diko si mahali popote pale: panahitajika mteremko wa kupandishia dau, kivuli cha kushonea nyavu, nafasi ya mnada wa samaki, na njia ya kupitisha baiskeli ya mchuuzi kabla samaki hajaharibika.

Shughuli zote hizo zinategemea mambo mawili tu, ukanda ule wa maji kujaa na kupwa, na kijia cha kuufikia. Mwanamke aliyebeba gunia la mwani mbichi kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni, huwezi kumwongezea robo saa ya kuzunguka ukuta ukasema hujamnyang'anya kitu. Umemnyang'anya safari moja kati ya mbili za kila kupwa. Lakini shughuli hizo hazina stakabadhi, na mtaalamu anapokuja na kompyuta yake kupima faida na hasara ya mradi, matumizi yasiyo na stakabadhi huandikwa sifuri. Mwaka wa kwanza wa hoteli unaonekana faida tupu kwa sababu vilivyopotea havikuhesabiwa tangu mwanzo.

Huenda msomaji akadhani sheria haina la kusema. Inalo. Sheria ya umiliki wa ardhi ya Zanzibar, Namba 12 ya mwaka 1992, inatamka kwamba ardhi ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kwa matumizi na manufaa ya pamoja ya watu wa Zanzibar. Upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kenya imekwenda hadi kwenye Katiba yake ya mwaka 2010: ibara ya 62 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma.

Lakini tembea kutoka Nyali hadi Shanzu, Mombasa, uone. Mchanga ni wa umma, sawa, ila wa kuufikia ndio shughuli. Hoteli na nyumba za watu binafsi zimesimama bega kwa bega, na vijia vya kushukia vimebanwa kati ya kuta. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma nchini Kenya, ilizitaja na ardhi za ufukweni miongoni mwa zilizogawiwa kinyume cha utaratibu. Matokeo yake utayaona siku ya Idi au Krismasi katika ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao watu wengi huuita Pirates: familia zimebanana mpaka mchanga hauonekani. Dar es Salaam, mji ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 5, wakazi wake wa kawaida wana Coco Beach na fukwe nyingine chache za kufikia bila kulipa. Coco Beach yenyewe, pamoja na mihogo yake na umati wake wa Jumapili, iliingia katika mgogoro wa uwekezaji uliofika mahakamani. Nani angewaambia watoto wa Manzese na Tandale waende wapi, kama ingefungwa?

Kwa Kiswahili tunalo neno linaloieleza vizuri hali ya kisheria ya pwani, nalo ni amana. Jirani akisafiri akakuachia mbuzi wake, unaweza kumlisha, kumtibu, hata kumjengea banda zuri kuliko alilolizoea. Huna idhini ya kumuuza, hata ukipata bei nzuri na hata ukiwa na nia ya kumletea jirani fedha. Mataifa mengine yamelifikia wazo hilohilo kwa mapigano marefu. Mwaka 1869 bunge la jimbo la Illinois, Marekani, liliipa kampuni ya reli zaidi ya ekari 1,000 za ardhi iliyo chini ya maji ya Ziwa Michigan, mbele ya mji wa Chicago. Miaka 4 baadaye bunge likajuta na kuifuta sheria hiyo. Kampuni ilikataa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1892 iliamua kwamba serikali inashikilia maji na ardhi ya namna hiyo kwa niaba ya watu, na haiwezi kuikabidhi yote kwa kampuni kana kwamba ni shamba lake. Uamuzi huo ndio msingi wa kesi nyingi zilizofuata. Mwaka 2016, mradi wa jumba la makumbusho la mtengeneza filamu George Lucas uliondolewa kando ya ziwa hilo baada ya kikundi cha wapenda bustani kwenda mahakamani, ingawa meya na matajiri wa mji waliutaka sana.

Wanaopinga miradi hii kwetu huitwa maadui wa maendeleo. Ni jina la zamani. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, pamoja na sanamu kubwa ya rais wa wakati huo. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyeweza kumfikia. Bungeni alitukanwa, ndoa yake iliyovunjika ikageuzwa hoja dhidi yake. Alipokwenda mahakamani, aliambiwa hana haki ya kufungua shauri hilo kwa kuwa yeye binafsi hakupata madhara ya pekee. Hebu fikiria: bustani ni ya wote, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeweza kuitetea! Hata hivyo wafadhili walisita, mradi ukafa, na miaka 15 baadaye, mwaka 2004, mwanamke huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Watu wa Nairobi wakaendelea kukaa kwenye nyasi za Uhuru Park siku za Jumapili.

Mlango ule uliofungwa mbele ya Maathai sasa umefunguliwa. Katiba ya Kenya inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, na ibara ya 27 inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Wanakijiji wanaopinga ukuta wanatekeleza wajibu huo. Wanastahili kusikilizwa kwa heshima ile ile anayopewa mgeni aliyekuja na michoro ya rangi.

Tatizo ni kwamba husikilizwa wakiwa wamechelewa. Mradi unapofika kijijini, mkataba umeshatiwa saini, na mkutano unaitishwa ili watu waarifiwe. Tathmini ya athari kwa mazingira imeandikwa kwa Kiingereza, kurasa mia kadhaa, na nakala iko ofisini mjini. Mkutano unafanyika asubuhi ya maji kupwa, saa ambayo wanawake wa mwani wote wako baharini. Wanaohudhuria hupewa soda, wakatia saini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo baadaye hutolewa kama ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa. Mtu aliyesaini kwamba alikuwepo anageuzwa mtu aliyekubali. Huo ni uonevu, hata kama kila karatasi ina muhuri.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Kabla ya mkataba wowote wa ardhi ya ufukweni, sheha na wazee wa shehia wakae na wapima ardhi, wachore vijia vyote vinavyotumika kushuka pwani, madiko, mashimo ya makumbi na sehemu za mwani. Ramani hiyo ibandikwe ofisi ya sheha kwa Kiswahili. Mkataba utaje upana wa kila kijia kwa mita, na useme wazi kwamba mwekezaji akikifunga, mkataba umevunjika. Mkutano uitishwe kwa kufuata kalenda ya maji, ili wanaoshinda baharini nao wawepo. Na ambapo njia zimeshafungwa, serikali ianze kuzifungua. Ukuta uliojengwa juu ya kijia cha umma unaweza kutobolewa, na hoteli haitaanguka kwa hilo.

Wageni wetu wenyewe hawatapungukiwa. Wanaokuja Unguja hawakuja kutazama ukuta wa nje wa hoteli nyingine. Jioni wanatoka vyumbani mwao wakaenda Forodhani, wakakaa ukutani pamoja nasi, wakanunua juisi ya miwa na kupiga picha za makachu.

Ndugu zangu wa vijiji vya pwani, safari ijayo mkiitwa kwenye mkutano wa mradi, msitie saini karatasi yoyote kabla hamjaiona ramani. Iombeni ifunguliwe mezani, muulize kijia cha kwenda majini kiko wapi, na msiondoke mpaka mmeonyeshwa kwa kidole.